Mume Wangu, Kisu na Rufaa

Katika kanisa letu la Wakenya huku Toronto, mume wangu ndiye mkata nyama. Jumamosi moja tulitoka nyumbani Scarborough kwenda kuchoma mbuzi na wenzetu, kisu chake kikubwa kikiwa mkobani, kimeviringishwa kwa taulo.

Karibu na kituo cha basi, polisi wawili wakasimamisha gari mbele yetu. Mmoja akashuka, akatuzibia njia.

"Mnatoka wapi? Mkobani mna nini?"

Basi letu likapita. Mume wangu akaanza kuongea: mbuzi, chumvi, jinsi mbavu zinavyogeuzwa. Kabla hajafika kwenye kachumbari, askari alikuwa ameshaufungua mkoba. Mume wangu akashtakiwa kwa kuficha silaha.

Wakili wetu akaomba kisu kisipokelewe kama ushahidi, kwani Katiba inakataza polisi kumzuia mtu bila sababu ya maana. Askari akaapa kwamba hakumzuia mtu. Yalikuwa mazungumzo ya kirafiki tu. Nami nikaitwa kizimbani, mwendesha mashtaka akanihoji.

"Mama, mtu aliyezuiliwa anaweza kweli kumfundisha askari kuchoma mbavu?"

"Huyu anaweza. Akiogopa, huongea. Daktari wa meno alifundishwa mpaka ganzi iliposhika."

Hata karani alicheka. Hakimu akaamua kwamba mume wangu hakuwa huru kuondoka, na polisi hawakuwa na sababu ya kumzuia. Kisu kikakataliwa, na bila kisu hapakuwa na kesi.

Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Nyumbani nikasikilizishwa habari za mbuzi asubuhi na jioni.

"Tunaanza upya?" mume wangu akamuuliza wakili.

"Hapana. Jaji wa rufaa hawaiti mashahidi tena. Hakimu ndiye aliyewaona na kuwasikia, kwa hiyo alichoamini kuhusu yaliyotokea hakiguswi, ila kama amekosea vibaya. Sheria ndiyo jaji ataipima mwenyewe."

Akaipima, akaitupa rufaa. Katika hukumu aliandika kwamba hakimu alikuwa na haki ya kuniamini kuhusu woga wa mume wangu.

"Mama watoto," mwenyewe akalalamika, "umeniita mwoga mpaka kwa jaji wa rufaa!"

"Na uko nje."

Alininunia hadi jioni. Kisha nikamsikia akimsimulia dada yake wa Nakuru kwa simu, akicheka. Katika simulizi hiyo, yeye ndiye aliyeichekesha mahakama. Mimi sikutajwa.