Mwezi Tulioandikwa

Harufu inayonirudisha Wadi Kabir, mtaa wetu wa Maskati, ni ya rangi ya magari. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya gereji, na kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mlima, mafundi wa Kihindi na Kipakistani walikuwa wameshaanza kugonga mabati. Rangi ilipenya madirishani, ikakutana na mvuke wa mchaichai kutoka kwenye birika la Bibi, na harufu zile mbili kwangu zilikuwa moja, harufu ya kuamka. Hata leo nikipita mtaa wa Ghala penye magereji huteremsha kioo cha gari nikavuta pumzi, na watu nilionao hunishangaa. Marehemu baba yangu alikuwa fundi huko Ghala. Alipofariki, tulibaki wanawake watatu: Bibi, mama yake baba, aliyetoka Unguja akiwa na watoto wadogo, Mama, aliyekuwa akiwashonea majirani kanzu na surwali za Kiomani, na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, majira ya baridi yale ambayo mlango wa nyumba Maskati unaweza kuachwa wazi mchana kutwa, serikali ilipokuja kutuandika.

Aliyekuja alikuwa msichana wa mtaa wa Bustan, jina lake Zuwena, mwenye abaya iliyopauka kwa jua na mkoba mzito wa karatasi. Alieleza kwa Kiarabu kwamba nyumba yetu imeangukiwa na kura. Serikali ilitaka kujua watu wanaishi vipi, wanakula nini, wana vyombo gani, na kwa kuwa haiwezi kugonga kila mlango, imechagua milango michache isimame badala ya mingine yote. Tungeachiwa daftari la kijani, na kwa mwezi mzima tuandike kila kilichonunuliwa na kila kilichopikwa. Yeye angekuja kila baada ya siku tatu kulitazama. Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha sala na cha sokoni, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Nilipomaliza kumtafsiria, Bibi alimtazama yule msichana kuanzia ushungi mpaka viatu, akaniambia bila kupepesa jicho, "Mwambie karibu. Mwambie arudi kesho, leo nyumba haijafagiliwa."

Nyumba ilikuwa imefagiliwa mara mbili. Zuwena alipotoka tu, Bibi alisimama katikati ya chumba akaanza kutoa amri. Friji lilifunikwa shuka na kusogezwa pembeni, likawa kama kabati la matandiko. Vitanda viwili vilivunjwa, mbao zikapelekwa uani. Cherehani ya Mama, ambayo ndiyo iliyotulisha, ilishushwa chini, ikafunikwa kanga, juu yake ukawekwa mto. "Wewe utakaa hapa," Bibi akaniambia, "na usinyanyuke mpaka yule bibie atoke." Mama alisimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. "Mama, hawa hawachukui vitu," alisema taratibu. Bibi hakumgeukia. "Mimi nnajua watu wa madaftari," akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kesho yake Zuwena aliuliza na mimi nikatafsiri, nimekaa juu ya cherehani kama kuku juu ya mayai. Friji? Hapana. Kitanda? Hapana. Cherehani? Bibi alinitazama. Nikasema hapana. Zuwena aliandika bila kuinua uso, na mimi nilihisi chuma kikinichoma mapajani kupitia mto. Lakini alipofika kwenye chakula, Bibi alibadilika kabisa. Nguo zilizoshonwa mwezi ule zilikuwa chache, na tulikuwa tukila wali wa adesi mchana, chai kavu na mkate usiku. Bibi hakutaka hilo lijulikane. Baba yake alikuwa na mashamba ya karafuu huko Unguja, na nyumba yake haikuwahi kukosa mgeni mezani. Basi tuliyoyaficha kwa upande mmoja tuliyalipia kwa upande wa pili. Jioni nikilifungua daftari la kijani, Bibi alikaa karibu nami na kuanza kupika kwa mdomo. "Leo andika nguru wa kukaanga." Nikaandika. "Na sambusa." Nikaandika. Siku moja niliandika biriani kwa hiari yangu mwenyewe. Akaniuliza, "Ya nini?" Nikamwambia ya kuku. Alifikiri kidogo. "Andika ya mbuzi."

Siwezi kusema nilikuwa naumia. Nilifurahia. Nilikuwa mtoto mwenye hamu ya nyama, na daftari lile lilinishibisha kwa namna yake. Mate yalinidondoka kwenye mstari wa mishikaki. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akinyamaza zaidi kila siku. Tangu baba afariki, majirani walikuwa wakimwambia kwamba iko ofisi inayotoa posho kwa wajane, aende ajiandikishe. Bibi alikataa katakata: mke wa mwanawe hasimami mlangoni pa mtu. Mama hakumpinga. Lakini nilimwona mara mbili tatu akilifungua daftari Bibi alipolala mchana, akisoma karamu zangu moja moja, kisha akilifunga na kurudi kushona. Alikuwa na tumaini, nilikuja kujua baadaye, kwamba kitabu kile kingesema kile ambacho yeye hakuruhusiwa kusema.

Ziara ya nne Zuwena alifika adhuhuri, mapema kuliko kawaida yake. Sinia ilikuwa chini, na ndani yake wali wa adesi na nusu ya ndimu. Hapakuwa na nafasi ya kuificha; cherehani tu ndiyo iliyokuwa imeshafunikwa, nami nimeikalia. Bibi akasema karibu, kwa sababu hakujua kumwona mtu mlangoni wakati wa chakula asiseme karibu. Zuwena akavua viatu, akanawa, akakaa. Alikula tonge tatu nne, akasifu, na sifa zake zilikuwa za kweli. Kisha akafuta mkono, akafungua daftari mapajani, akasoma kwa muda mrefu. Kugonga kwa mabati kule nje kulizidi kusikika.

"Mwambie khalati," alianza, maana alikuwa akimwita Bibi khalati, kama mtu anavyomwita dada wa mama yake, "nyumba hii haina friji, haina kitanda, haina chombo, na kila siku inakula nguru au mbuzi. Mkubwa wangu ofisini ameniuliza ni nyumba ya namna gani, nami sikuwa na jibu. Ikibaki hivi watanitaka niifute. Nitakwenda kwa jirani, nyumba yake isimame mahali pa yenu."

Nilitafsiri yote, mpaka neno la mwisho. Nilidhani Bibi atafurahi, tumeepukana nao. Lakini uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Aliweka mkono wake kifuani.

"Tufutwe?" alisema kwa Kiswahili, si kwa yeyote. "Nimeshafutwa mara moja, kule Unguja, baada ya mapinduzi. Walikuja na daftari kama hili, wakaandika vitanda, wakaandika makabati, wakaandika cherehani ya mama yangu. Wakanishukuru. Wiki ya pili wakaja na lori. Na mimi jina langu halikubaki popote, si katika nyumba, si katika shamba. Sifutwi tena mimi."

Zuwena aliniangalia, akingoja tafsiri. Nilianza kutafsiri, nikakwama kwenye lori. Hadithi ile nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Bibi aliona. Akaniwekea mkono begani, akaninyanyua pale nilipokaa, akauondoa mto, akaivuta kanga. Kisha akasema mwenyewe, kwa Kiarabu chake kilichovunjika, akitafuta kila neno kama mtu anayetafuta funguo gizani: "Cherehani, moja. Friji, moja, ile pale. Vitanda, viwili, uani. Nyama, hakuna. Nguru, hakuna. Mtoto aliandika. Mimi nilisema aandike."

Zuwena aliweka kalamu chini. Alipokuja kuishika tena, aliomba radhi kwanza, akaanza ukurasa mpya. Bibi alijibu kila swali, mgongo umenyooka, kama shahidi mbele ya kadhi. Nami nilikuwa nimesimama tu, nikitamani kulia bila kujua ninamlilia nani.

Hapo ndipo Mama alipoingia kutoka mlangoni alipokuwa amesimama muda wote. Aliuliza kwa Kiarabu, "Kitabu hiki kitakwenda kwa wale wanaotoa posho?" Zuwena akatikisa kichwa. Alikuwa ameapa, alisema. Kilichomo humo hakitoki na jina la mtu, si kwa wema wala kwa ubaya. Kwa Bibi, nilipomtafsiria, hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote, akashusha pumzi. Kwa Mama ilikuwa kama mlango uliofungwa. Alitazama sakafu, kisha akauliza polepole zaidi, "Na mtu akitaka mwenyewe?"

"Akitaka mwenyewe," Zuwena akasema, "anakwenda mwenyewe. Ni haki yake, si sadaka."

Nilimtafsiria Bibi bila kuombwa. Zuwena akavaa viatu vyake, akaondoka. Siku mbili baadaye, asubuhi, nilimkuta Bibi amevaa buibui lake jema, amejifukiza udi, ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Mama alipotoka chumbani akamwambia, "Twende. Huko kwenyewe utakwenda na mimi. Nnataka wakuone una watu." Walikwenda, wakarudishwa kwa karatasi iliyokosekana, wakaenda tena. Ilichukua miezi. Posho ilipokuja haikutufanya matajiri, lakini Mama aliacha kushona mpaka macho yakawa mekundu, na Ijumaa tulianza kula samaki, wa kweli, ambaye sikuwa na haja ya kumwandika.

Bibi amekwishatangulia mbele ya haki. Mimi, kwa jinsi maisha yanavyozunguka, kazi yangu sasa ni takwimu zile zile. Vijana wangu wanagonga milango na vishikwambi mkononi. Hawana daftari la kijani, na jibu lisiloelekea linapigiwa kengele na mashine papo hapo, kabla hawajapata hata kikombe cha chai. Posho siku hizi mtu anaiomba kwa simu yake, hakuna anayehitaji kusindikizwa na mkwe aliyevaa buibui jema. Ni nafuu kubwa, nami nimeifanyia kazi, siwezi kuilalamikia. Miaka michache nyuma tuliletewa faili za zamani tuzilinganishe na mpya, na miongoni mwake ulikuwamo mwaka ule. Majina hayamo, kama Zuwena alivyoapa. Nilikuwa na haja nazo kwa kazi nyingine, lakini macho yalikwenda yenyewe: Wadi Kabir, mjane, mama mkwe, mtoto mmoja wa kike, nyama hakuna. Nilidhani nitatuona mara moja. Nilikuta nyumba kadhaa za namna ile, zote za mtaa ule, zimefuatana, hata nikashindwa kujua yetu ni ipi.

Nilimpigia simu Mama, nikamweleza.

"Majirani zetu wale?" akauliza.

"Hao hao, Mama."

"Na kila nikiwapelekea nguo zao walikuwa wakinambia wameshakula, wameshiba." Alivuta pumzi. "Lau tungelijua, mwanangu, tungelialikana."