Anayeitikia Hodi Kwa Dirie

Je, umewahi kubisha hodi kwenye nyumba uliyoambiwa haina mtu, halafu ukaitikiwa?

Ni asubuhi, jua limeanza kuuma. Syombua Munyao anabana breki juu ya kilima cha mwisho, pale barabara ya changarawe inapoinama kuelekea bondeni. Anaweka mguu wa kushoto chini, anafuta vumbi usoni kwa ncha ya leso aliyojifunga kiunoni, kisha anageuka kuwatazama wageni wake. Ni ndugu wawili kutoka Nairobi, Ndegwa na dada yake Shiko, na baiskeli zao zina tairi nene zenye meno kama ya trekta ndogo.

Chini yao kuna senta ya zamani iitwayo Kwa Dirie. Maduka ya mawe yamesimama kwa safu, madirisha wazi, milango imefungwa kwa waya. Nyuma ya maduka kuna nyumba za matofali zilizoukaribia mto, na mto wenyewe, wa msimu, unaomwaga maji yake Athi, ni mchanga mtupu, mweupe, mpana. Hakuna mbwa anayebweka. Hakuna nguo iliyoanikwa. Hakuna jogoo.

Lakini moshi unatoka kwenye nyumba tano.

"Mama Mutindi," Ndegwa anamwambia Syombua kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mwanawe, "si ulituambia watu walihama hapa?"

"Walihama."

"Sasa nani anapika?"

"Shuka kwenye baiskeli kwanza. Hapa hatuingii tukiwa tumekaa juu."

Shiko anacheka. "Kaka, baiskeli ya bei ya ng'ombe mzima na unaogopa moshi?"

"Siogopi. Nauliza tu."

Lakini ndiye anayeshuka wa kwanza.

Syombua ana umri wa miaka arobaini na saba, na kazi yake ni kuwaongoza waendesha baiskeli kwenye njia za vumbi za Makueni hadi ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Wageni huanzia Nunguni kwenye baridi na migomba, huteremka siku nzima, hulala Kathonzweni nyumbani kwake, na asubuhi hushuka naye kwenye joto. Siku moja ya safari humpa shilingi elfu mbili, wageni wakija. Wasipokuja, huziba pancha na kunyoosha spoki chini ya kibanda chake cha mabati pale sokoni.

Baiskeli aliijua kwa maji. Tangu akiwa msichana alikuwa akisukuma mitungi ya plastiki kwenye keria, kutoka mtoni hadi kwa wenye hoteli za chai. Ndiyo maana anausoma mchanga kwa sikio.

"Mchanga mzuri unanong'ona chini ya tairi," anasema. "Shhh, shhh, hivyo. Mchanga ukinyamaza ghafla, ruka ushuke. Huo umefunika shimo."

Mashimo hayo ndiyo yaliyoimaliza senta. Inasemekana mwenyewe Dirie, mchuuzi wa ng'ombe kutoka kaskazini mashariki, alijenga duka la kwanza hapo kwa sababu mifugo ilinyweshwa maji kabla ya kuvuka Athi kwenda Kitui. Watu wakajenga kando yake, pakaitwa Kwa Dirie, ikawa ndilo jina. Kisha malori yakaanza kuchota mchanga. Mto ukazama, kingo zikakosa pa kuegemea, na kila mvua ikaondoka na kitu. Mwaka mmoja kilikuwa choo cha soko. Mwaka uliofuata, duka la Dirie lenyewe lilianguka mchana kweupe, na walioliona wanasema halikutoa kishindo. Lilikaa chini tu, kama mzee anayeketi.

Mjukuu wake, Filsan, anauza vitambaa Emali. Hajarudi Kwa Dirie.

"Babu alikuwa akisema duka lisilo na mtu wa kuitikia hodi ni kaburi," anasema huku akikunja kitambaa cha dera. "Mimi nikienda, nitabisha. Nitabisha kwa sababu nimelelewa. Sasa, nikiitikiwa?"

Wengine wote walihama, wakapanda juu ya kilima; walioweza walibeba mabati yao, wasioweza wakayaacha. Alibaki mmoja. Anaitwa Kavindu, mjane aliyeshapita miaka themanini, na ni mama mzazi wa Syombua. Syombua ni mtoto wake wa pekee.

Ndiye anayewasha moto kwenye nyumba tano. Kila alfajiri hutoka jikoni kwake na kaa la moto kwenye kigae cha chungu, akaenda nyumba hadi nyumba, akalipuliza juu ya mafiga ya majirani walioondoka, akaongeza kijiti cha mti mbichi ili moshi uwe mwingi.

Kwa hiyo kuna maelezo. Lakini Syombua hawapi wageni maelezo hayo wakiwa juu ya kilima. "Nikiwaambia mapema, wataingia kwa kelele," anasema. "Mama hapendi kelele. Na si yeye peke yake."

Kinachomnyima usingizi Syombua si moshi. Ni ufa. Ulianza kama uzi kwenye ardhi nyuma ya jikoni la mama yake, na sasa mkono wa mtu mzima unaingia. Ukiinama hapo jioni, anasema, unasikia chini kabisa mchanga ukimwagika polepole, kama mtu anayepepeta wimbi. Mvua za Novemba ziko karibu. Wazee wa kijiji wanaamini nyumba hiyo haitauona mwaka mpya.

Mume wake, Kiilu, ni fundi wa kujenga. Mwaka jana aliongeza chumba kwenye nyumba yao kule Kathonzweni, akakipiga plasta, akaweka kitanda. Godoro bado liko ndani ya nailoni yake.

"Nilikiunganisha na chumba chetu ili mama asiogope peke yake," anasema Kiilu. "Akikohoa tu, tunamsikia. Sijui tumemkosea nini tena."

Kila Syombua akiteremka na wageni, humwambia mama yake twende. Kila mara Kavindu hujibu neno moja: "Nitaona." Syombua alishakata shauri kichwani kwamba wale wa Kwa Dirie, wale waliozikwa nyuma ya maduka, ndio waliomshika. Unafanyaje na mtu aliyeshikwa na waliotangulia?

Sasa wanapita kati ya maduka, wakisukuma baiskeli. Cheni zinatoa mlio mwembamba, tik-tik-tik, na ukuta unaurudisha umechelewa kidogo, kwa namna ambayo Shiko anageuka mara mbili kuona nani anawafuata. Kwenye mlango mmoja uliofungwa kwa waya, mtu amefagia kizingiti. Alama za ufagio bado mbichi.

Mbele ya nyumba ya mwisho Syombua anaegemeza baiskeli yake.

"Hodi!" anaita.

"Karibuni," sauti inaitikia kutoka ndani. Sauti ya mzee, tulivu, yenye mkwaruzo.

Ndegwa anashusha pumzi. "Haya, basi kuna watu. Mlinitisha bure."

Syombua anasukuma mlango. Ndani kuna kigoda, mafiga matatu, chungu cha maharagwe kinachochemka, na mwanga wa jua unaoingia kupitia tundu la bati na kusimama sakafuni. Mtu hakuna. Anachungulia chumba cha nyuma. Hakuna. Anarudi nje, na uso wake haumwambii mtu kitu.

"Mama Mutindi," Shiko anasema, "nani ameitika?"

Hapo Kavindu anatokea mtoni. Anapanda ukingo polepole, mgongo umeinama chini ya mtungi wa maji uliofungwa kwa kamba kwenye paji la uso, na miguu yake imejaa mchanga hadi vifundoni. Alikuwa mbali. Nyayo zake zinaonekana kwenye mchanga mweupe, zinatoka kule kwenye kisima cha kuchimba na kufika hapa.

Ndegwa anakimbia kumpokea mtungi. Kavindu anawatazama mmoja mmoja.

"Mmeshakaribishwa?" anauliza.

Shiko anamtazama Ndegwa.

"Tumekaribishwa, Mwaitu," anajibu Syombua. Ndivyo mtu amwitavyo mamake huku Ukambani.

"Basi kaeni. Mbona mmesimama kama wadai?"

Wanakaa. Ndegwa anachagua kigoda kilicho karibu na mlango na haweki mgongo wake ukutani. Kavindu anapakua maharagwe kwenye mabakuli ya bati, la kwanza analiweka pembeni, juu ya jiwe ambalo hakuna aliyelikalia, kisha anawapa wageni.

"Shosho," Shiko anauliza, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "kwa nini unawasha moto nyumba zote?"

"Nyumba isiyo na moshi inaliwa na mchwa, mwanangu."

"Lakini wenyewe hawarudi."

"Wewe umekuja, na hapa si kwenu."

Syombua anafunga mkoba wa pampu, anaufungua, anaufunga tena. Anasema kwa Kikamba, haraka, kisha anarudia kwa Kiswahili ili wageni wasione anawasengenya: ufa umeongezeka, mawingu yako Kitui tayari, chumba kiko tayari, Kiilu amekipaka rangi.

"Nitaona," anasema Kavindu.

Syombua anatoka nje. Anasimama karibu na ufa na kuupa mgongo mto, na kutoka ndani anaonekana akifuta macho kwa leso ile ile yenye vumbi.

Shiko, ambaye hakulelewa Ukambani na hajui lipi huulizwa na lipi halipaswi kuulizwa, anaweka bakuli chini. "Shosho, na wewe mwenyewe? Wewe ungetaka nini?"

Kavindu anasonga kuni. Moto unapanda, unashuka. Kwenye nyumba ya jirani, ambayo nayo imefungwa kwa waya, kitu kinagonga mara moja, kama kikombe kikiwekwa mezani. Kikongwe hageuki.

"Syombua," anaita. "Njoo ndani. Huyu ameniuliza. Nyinyi mliniambia tu."

Syombua anarudi na kusimama mlangoni.

"Kile chumba kiko chini ya bati la nani?"

"La kwetu, Mwaitu."

"La mume wako." Jina la Kiilu halitaji. Hajawahi kulitaja. "Ukuta mmoja na kitanda chake. Akikohoa nisikie, nikikohoa asikie. Asubuhi nitoke na kichwa wazi nikutane naye akienda kuoga. Na nthoni je? Mliiweka wapi?"

Nthoni ni ile heshima ya zamani ya Wakamba baina ya mkwe na mama mkwe. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe wala hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja hupisha kando. Syombua na Kiilu ni watu wa kanisa. Walifikiri mambo hayo yalikwisha na wazee.

"Lakini mbona hukusema, Mwaitu? Mwaka mzima!"

"Ningesemaje? Ningekataa nyumba ya mkwe wangu kwa mdomo huu, nimwaibishe, naye amejenga kwa moyo safi? Niliona heri mseme nimerogwa."

Syombua anaketi chini sakafuni, palepale mlangoni, kama mtoto. Anacheka, na kicheko kinamgeuka katikati. "Mwaitu, Kiilu anaweza kukujengea kabla ya mvua. Wiki hii. Sema tu unavyotaka."

Kavindu anatazama jiwe lenye bakuli, halafu anatazama mlango.

"Nilitaka nyumba yangu," anasema. "Ndogo, mbali kidogo na yenu, na mlango wake uangalie huku bondeni, usiangalie kwake. Mafiga yangu mwenyewe ndani. Na upande mmoja mjenge benchi refu ukutani. Refu kabisa, Syombua. Siji peke yangu."