Dakta Sumari na Soli za Watoto

"Yule babu jirani anakusanya nyayo za watoto," Mama Brenda alimwambia Vaileth wakianika nguo uani, pale Kijenge. "Soli ikibanduka tu, anaiomba. Ameshachukua za wanangu wawili. Unadhani anazipikia supu?"

Vaileth hakucheka. Asubuhi ile soli ya kiatu cha kushoto cha mwanawe, Princess, ilibandukia njiani. Babu akamwambia mtoto amwachie kiatu, naye akarudi nyumbani anachechemea. Kwao Vaileth alikulia akiambiwa kwamba mtu akiushika unyayo wako, amekushika wewe.

Akambeba Princess mgongoni, mzito hivyohivyo, akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, babu. Nimefuata kiatu cha mwanangu."

"Marahaba, Mama Princess. Karibu. Kipo mezani."

Vaileth aliishia mlangoni. Dirishani zilining'inia soli ndogo ndogo, kila moja imegandishwa kwa gundi kipande cha turubai, na turubai limefungwa jiwe.

"Mawe ya nini, babu?"

"Yanavuta. Nataka kujua gundi itaachia lini."

Kisha akajieleza bila kuulizwa. Yeye ni Mmeru wa mlimani, mtoto wa kahawa na migomba. Usharika wa kanisani kwao ulimchangia nauli akaenda ng'ambo kusomea mpira, mpira tu, hadi akaitwa Dakta Sumari. Aliporudi akapewa kazi kiwanda cha matairi: kuhakikisha mpira unazing'ang'ania nyaya za chuma zilizo ndani ya tairi. Nyaya zilipakwa shaba kwanza, maana mpira na chuma kitupu havielewani. Kiwanda kilipokufa akafundisha chuo, akastaafu, na mkewe akatangulia.

Dakta asiyechoma sindano, Vaileth akawaza. Hata waganga wana maneno mazuri.

"Mbona unachukua za watoto tu?"

"Za wakubwa hazibanduki hivi. Hiki umekipaka nini?"

"Mafuta ya mgando. Kila Jumamosi, king'ae kanisani. Hapa wote tunapaka vya watoto."

"Hata Mama Brenda?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

Babu akaibonyeza soli kwa kidole gumba. Ikadidimia kama andazi bichi. "Nadhani mafuta yanaingia kwenye mpira, unavimba, gundi inakosa pa kushika. Lakini sijathibitisha."

"Na soli zote hizi?"

"Zote zimepakwa. Sina hata moja kavu ya kulinganisha."

Akaitazama miguu ya Princess, akaitazama sana. Vaileth akaifunika kwa kanga.

"Mwanangu hafanyiwi majaribio, babu."

"Hatafanyiwa kitu. Atatembea tu." Mzee akashusha sauti. "Niletee na cha kulia, nivitie vyote soli mpya, bure. Halafu nakuomba, kimoja upake kama kawaida, kingine usikiguse na mafuta mpaka mvua ziishe. Najua kanisani watawacheka. Na tafadhali, Mama Brenda usimwambie. Akijua, ataacha kupaka vya wanawe, nami bado nazihitaji soli zake."