Kinaumaga

Kule Kibondo mama yangu haitwi kwa jina lake. Tangu nilipoanza kufundisha Kiswahili sekondari, majirani, wauza mawese sokoni, hata mchungaji wake, wote walimwita Mama Mwalimu, na yeye akaivaa sifa hiyo kama kitenge cha sikukuu. Nilipopata kazi ya kufundisha Kiswahili Ujerumani, cheo kikapanda bila mtu kukipandisha. Ukimwamkia njiani ilikuwa lazima usikilize habari za mvua kidogo, za maharage kidogo, halafu za binti yake anayefundisha Wazungu kuongea. "Walikuja hapa kutufundisha," alikuwa akisema, "sasa na wao wakae kwenye dawati."

Mimi nilijivuna kuliko yeye, ila nilificha. Mha, mtu wa bara, kufundisha Kiswahili! Anayetujua ataelewa utamu wake. Nilipokuwa chuo cha ualimu, wenzangu waliotoka Tanga na Unguja walikuwa wakinicheka kabla sijamaliza sentensi. Kwao Mha alikuwa mtu wa kuuza miwa kwa toroli, si mtu wa kusahihisha insha ya mwenzake. Niliwaacha wacheke, nikawapita kwenye mtihani wa sarufi, nikarudi kufundisha Kasulu, miaka ikaenda. Siku niliyopanda ndege niliwakumbuka wote, mmoja mmoja.

Shule ya Ujerumani ilikuwa ya watu wazima: wauguzi, wakunga, mafundi wa visima, watu waliokuwa wakijiandaa kuja kufanya kazi Afrika Mashariki, wengi wao upande wetu huu wa magharibi. Niliwapenda. Walikuwa na bidii ya kuogopesha. Ukiwapa nomino kumi wanakurudishia zote na wingi wake. Kibali changu cha kuishi kule kilifungwa kwenye kazi hiyo moja, kama mbuzi na kigingi chake. Nililijua hilo, lakini mbuzi akiwa na majani mbele yake hakiangalii kigingi.

Kilichoking'oa ni herufi mbili. Sisi watu wa bara, tukitaka kusema jambo tunalifanya kila siku, tunabandika -ga mwisho wa kitenzi. Kitabu kinataka "huamka". Sisi tunasema "naamkaga". Kiha chetu kina hiyo -ga, na tulipoingia kwenye Kiswahili tuliingia na viatu vyetu, hatukuvivua mlangoni. Sarufi naijua, nisingizie nini? Ubaoni niliandika "huamka, hula, hulala", nikaieleza vizuri, nikaipigia mstari. Halafu nikageuka kuzungumza na wanafunzi wangu, na mdomo ukaenda kwao kwa njia yake ya kawaida. Wao, kama wanafunzi wote duniani, waliacha ubao wakafuata mdomo.

Siku ya mtihani wa kuzungumza alikuja mtaalamu kutoka chuo kikuu, bwana mmoja aliyekisoma Kiswahili cha pwani mpaka akakimaliza. Akakaa pembeni mwa mkuu wa shule. Swali la kwanza likawa jepesi: asubuhi unafanya nini?

"Naamkaga saa kumi na mbili," akasema fundi wa visima.

"Nakunywaga chai," akasema aliyefuata.

"Mimi sinywagi chai," akasema muuguzi mmoja mrefu, mwenye sauti ya kujiamini. "Nakunywaga kahawa."

Darasa zima liliongea hivyo, kwa furaha, bila kukwama, kama watu waliozaliwa nyuma ya soko la Kasulu. Mtaalamu aliacha kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, na ndipo nilipojisikia kwa mara ya kwanza, nikiongea kwa midomo ya watu wengine. Nilishtuka, halafu nikataka kucheka. Nilibana mbavu.

Mkuu wa shule aliniita ofisini kwake, mtaalamu akiwa bado yupo. Mkuu alikuwa mama mpole, na alizungumza nami kwa Kiswahili cha kitabu, kilichopigwa pasi. Akasema hataki kunipoteza. Ila kulikuwa na sharti: nisimame mbele ya darasa niwaambie wanafunzi kwamba nilichowazoesha ni Kiswahili kibovu, kisha wakabidhiwe mwalimu mwingine na mimi niwe msaidizi wake.

Nikamwambia kwamba kwenye maandishi ni hu-, na hilo nilishawafundisha, na nitalirudia mpaka koo likauke. Wakiandika barua serikalini waandike hu-. Lakini kibovu sitasema.

"Kwa nini?" akauliza mtaalamu. Aliuliza kwa kweli, si kwa kejeli.

"Kwa sababu mama yangu anaongeaga hivyo."

Ilitoka yenyewe, na -ga yake juu. Bwana yule akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Mkuu wa shule hakutabasamu. Alisema kwamba basi mkataba hautaendelezwa, na kwamba naelewa hilo lina maana gani kwa kibali changu. Nilielewa. Nilimshukuru kwa mkono, kama nilivyolelewa, nikatoka.

Niliumia, nisidanganye. Nilikaa kwenye kituo cha treni nikaacha treni zipite kwa sababu sikujua niende chumbani kufanya nini. Mtanzania mwenzangu aliyekuwa akiishi mji ule, mwanamke mwenye huruma, alinishauri nikae tu, nijifiche, nifanye usafi kwenye hoteli za watu wasiouliza maswali. Wengi wanafanya hivyo na siwahukumu. Kila mtu anaujua uzito wa mzigo wake. Mimi nilimwambia kwamba niliingia kwa mlango na nitatoka kwa mlango. Yule muuguzi mrefu alinisindikiza uwanja wa ndege. Akanikumbatia, akaniambia, "Mwalimu, mimi nakuja kwenu, hospitali ya Kabanga. Tutaonana." Nikaitikia tu. Watu wanaahidigi mengi uwanja wa ndege.

Mama alinipokea Kibondo kwa ugali wa muhogo na samaki, migebuka iliyozama kwenye mawese. Nilimweleza yote siku ileile, mpaka ile -ga, maana sikutaka aisikie kwa wengine. Alinisikiliza akichambua maharage kwenye ungo. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo wamekuondoa kwa sababu ya kuongea kama mimi?"

"Hapana, mama. Nimekataa kusema ni kubaya."

Akauinamia ungo. Akaendelea kuchambua. Asubuhi yake tulikuwa tunaelekea shambani, jirani akatusalimu kutoka upande wa pili wa njia, kwa furaha na sauti kubwa, "Mwakeye, Mama Mwalimu!"

Mama akanyanyua mkono. "Nilikuwaga," akasema, akaendelea na njia.

Nilikuwaga. Ujerumani walininyang'anya kazi na kibali, nikasimama wima. Mama yangu kwa neno moja, tena lenye -ga yangu ileile, akaniangusha katikati ya njia ya shambani. Maana hiyo -ga ndivyo ilivyo: ukiiweka kwenye "naamka" inakupa kila siku, ukiiweka kwenye "nilikuwa" inakuambia mambo yalikuwepo na yamekwisha. Tangu siku hiyo sikuwaza tena kuhusu Ujerumani. Nilichotaka ni jina la mama yangu lirudi.

Nilihamia Kasulu nikapanga chumba, nikaanza kuzunguka shule za binafsi kutafuta kipindi. Nafasi ya serikali nilikuwa nimeiacha mwenyewe. Wakuu wa shule walinikaribisha vizuri, wakaniuliza Ulaya kukoje, wakaniambia wataniita. Nikapata vipindi vichache vya kushikizwa, leo vipo kesho havipo.

Aliyenichekesha siku hizo alikuwa mzee wa duka la vitenge karibu na stendi, mtu wa Tanga kwa asili, Mwislamu safi, mwenye kofia na lafudhi aliyoitunza kama urithi. Habari zangu zilikuwa zimemfikia.

"Mwalimu," akasema, "ndiyo haya ya kupeleka Kiha Ulaya. Lugha ina wenyewe. Ungetuagiza sie."

"Na wewe mzee umekaa Kasulu siku nyingi mno. Hiyo -ga imeshakuingia."

"Mimi?" Alikasirika kweli. "Mimi sisemagi hivyo!"

Mteja aliyekuwa akipimiwa kitambaa akaangua kicheko. Mzee alisimama na mita yake mkononi, akajisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akanikatia kipande cha kitenge bure. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini mama yangu hakuwepo kusikia.

Mama naye alikuwa na lake. Alikuwa akipanda kilima cha kutoka shambani na mzigo kichwani, anafika katikati anasimama, mkono kifuani, anajifanya anaangalia mihogo ya watu. Majirani ndio walioniambia kwa simu. Nilipomsihi aende zahanati alikwenda peke yake, akarudi na dawa ya kikohozi.

"Uliwaambia kuhusu kifua?" nikamuuliza kwenye simu.

"Daktari kaniuliza, 'Mama, kifua kinauma?' Nikamwambia hapana."

"Mama!"

"Sasa nimwambie nini? Nilikuwa nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kilikuwa hakiumi. Nimdanganye daktari?"

Nilishika kichwa. Kijana wa watu aliuliza Kiswahili sahihi kabisa, na mama akajibu Kiswahili sahihi kabisa, na kifua kikarudi nacho nyumbani.

Wiki hizohizo simu yangu ikapata ujumbe. "Mwalimu, nimefika. Niko Kabanga. Unakujaga Kabanga?" Nilicheka peke yangu barabarani mpaka bodaboda wakanigeukia. Nikampigia mama, nikamwambia afunge safari aje Kasulu, na asilete ubishi.

Alikuja na chupa ya asali ya Kibondo, kwa sababu mama yangu haendi kwa watu mikono mitupu hata kama anakwenda kutibiwa. Njia nzima ya kwenda Kabanga aliikumbatia chupa ile. Nilidhani anaogopa hospitali. Kumbe alikuwa akiogopa kitu kingine, akanitajia tukiwa tumeshafika getini. "Huyo Mzungu atanielewa? Usije ukaona aibu, Kiswahili changu unakijua."

"Atakuelewa."

"Na mimi nitamwelewa?"

Nilimshika mkono tukaingia. Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimewafundisha watu wale chumbani, mbali, kwenye baridi, na hakuna aliyewahi kuniletea jibu kama kazi yangu inafaa kitu mbele ya mtu kama mama yangu. Niliogopa kuliko siku ya mtihani.

Tulikaa kwenye benchi na kina mama wengine mpaka zamu yetu ikafika. Muuguzi wangu alitokea, mrefu vilevile, uso umeiva kwa jua. Aliponiona macho yalimtoka, lakini hakunikimbilia. Alikwenda kwanza kwa mkubwa, akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilifungua mdomo nimweleze kila kitu, kilima, mzigo, zahanati. Hakunipa nafasi. Alishavuta stuli akakaa mbele ya mama, magoti kwa magoti.

"Mama, kifua kinaumaga?"

Mama yangu akainua kichwa. Akamtazama yule Mzungu, akanitazama mimi, akamrudia.

"Eeh!" akasema, na sauti ikamfunguka kama ya mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. "Kinaumaga, mwanangu. Nikipanda kilima na mzigo kinaumaga kweli. Kinakamataga hapa, halafu mkono huu unakufa ganzi. Nikikaa kinaachiaga."

"Na unachokaga?"

"Nachokaga sana."

Akamaliza yote, hata mambo ambayo mimi mwanawe sikuyajua: kwamba analala ameegemea, kwamba ana miezi hajafika kanisani kwa sababu ya ule mwinuko. Muuguzi aliandika huku akiitikia, akamwita daktari. Walimpima, wakakuta presha imepanda na moyo unafanya kazi kwa taabu. Akaanzishiwa dawa, akapangiwa siku ya kurudi. Mpaka leo anazimeza, na mzigo wa kichwani amekatazwa, ingawa najua huwa ananiibia.

Mimi nilisimama pembeni ya ukuta siku ile nimekunja mikono, na sikuikunja kwa unyonge. Nilijivuna mpaka kichwa kikawa chepesi. Niliwakumbuka wale wa chuoni waliokuwa wakinicheka, nikamkumbuka mkuu wa shule na Kiswahili chake cha pasi. Sikuwa na hasira nao tena. Nilitamani tu wangekuwa pale kwenye benchi.

Mwanamke aliyekuwa akisubiri nyuma yetu, mwenye mtoto mgongoni, alishindwa kuvumilia. "Dada," akamwambia muuguzi, "nani kakufundisha kuongea kama mtu?"

Muuguzi akacheka, akaninyooshea kidole. "Mwalimu wangu ndiye huyu."

Yule mwanamke akanitazama, kisha akamgeukia mama. "Kumbe! Na wewe ndiye mama yake?"

Mama alikuwa akifunga kitenge chake ili asimame. Alikifunga taratibu, akakikaza, akamkabidhi muuguzi chupa ya asali, ndipo akamjibu, kwa sauti ya kusikika benchi zima.

"Mama Mwalimu ni mimi," akasema, na safari hii hakuweka -ga.