Fidla Kifuani

Mwandu humtambua bintiye, mpiga fidla, kwa vidole. Kabla ya kupiga huvibonyeza kimoja kimoja pajani, kisha hupaka upinde wake utomvu wa mti, ule ule ambao Mwandu hupaka zeze lake, ingawa wenzake wa kwaya ya Karema, waliomfundisha noti, wananunua wa dukani. Chini ya kidevu ana sugu nyeusi, na hata akivaa gauni la jukwaani haifichiki.

Jumapili ile pale Magamba walishindana kama Wasukuma wanavyoshindana siku zote: makundi mawili yanapiga wakati mmoja, pande mbili za uwanja, na mshindi ni anayevuta watu. Binti alikuwa upande wa jukwaa. Mwandu, na zeze na ngoma zake, upande wa pili. Binti alianza na wimbo wa misa, fidla kidevuni, amesimama wima kama mshumaa, na watu wakamwacha wakakimbilia ngoma. Hakubabaika. Alivua viatu, akashuka chini, akaiegemeza fidla kifuani kama zeze linavyoshikwa, na wimbo ule ule wa misa akaupiga kwa mwendo wa kuchezea. Watu wakaanza kurudi, na vumbi lao.

"Mzee, binti yako anatumaliza," alisema Kashinje, mpiga ngoma wake. "Watu wote wanahamia kwake."

"Naona." Mwandu alilitia zeze kwapani. "Sasa wewe unabaki hapa kufanya nini?" Naye akawafuata watu.