Herufi moja kwenye kiolezo

Leo nimemuumiza rafiki yangu kwa herufi moja.

Sisi wasuka vikapu wa Masaka tuna tovuti. Mtoto alipolala mchana nikatengeneza kiolezo, ili makala ya kila mama itoke na umbo lile lile: picha, jina, mahali anapouzia. Unakiandika mara moja, kurasa zote nane zinafuata.

Ila mimi na R na L, mnatujua Wanyarwanda. Niliandika "Mahari".

Yangu, mimi ninayeuzia Remera, ikasomeka "Mahari: Remera". Wenzangu wakacheka, nami nikacheka.

Ya Mama Ineza, ambaye hajapata kibanda cha kuuzia: "Mahari: bado hana".

Na kweli, mume wake hajapeleka ng'ombe kwao mpaka leo.

Akanipigia. "Hata wewe, Mama Gloria? Mbele ya wateja?"

Nikamwambia mbabarira, nisamehe dada, ni kosa la kuandika tu.

"Kosa gani hilo linaloijua nyumba yangu?" Akakata.

Nimebadilisha herufi kwenye kiolezo, kurasa zote zikanyooka papo hapo. Yeye simu hapokei.

Kesho naenda kwake na mtoto mgongoni. Naamini atafungua mlango.

Ungekuwa wewe, ungeanza na neno gani?