Mpambe Hamsemei Bibi Yake

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka aibu hunirudia upya. Usicheke nikikuita mwanangu. Nimekupita miaka michache tu, lakini mama mdogo ni mama, na Jumamosi unahama Etobicoke kwenda kukaa na Bibi, kama nilivyokaa mimi nilipomaliza chuo.

Wewe unamjua Bibi wa chai ya tangawizi. Kabla ya hapo alikuwa binti wa ukoo mkubwa Unguja, na alipofika miaka kumi na sita alipelekwa jumba la kifalme kuwa mpambe wa mke wa mfalme. Mpambe wa siku zile hakuwa mtumishi. Alikuwa mwandani: anamvisha bibi yake, anakaa naye, anatoka naye, anasikia yote. Siri ya mtungi muulize kata.

Basi siku hiyo, katikati ya Agosti, muuguzi alikuja nyumbani kwa Bibi, pale Crescent Town, kumpima kumbukumbu. Mimi nilikuwa karibu kuondoka, na kipimo hicho ndicho kingeamua kama Bibi atabaki peke yake au atahamishiwa nyumba ya wazee. Bibi alikuwa amesema mara moja tu: "Mimi hapa nitatoka kwa jeneza." Nami, unavyonijua, wiki nzima nilikuwa nikijibu kichwani maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Nikajifanya mkalimani.

Muuguzi akauliza huu ni mwezi gani. Bibi akajibu, "Mfungo Tano."

Nikashtuka. Tano? Nikamwambia muuguzi kwa Kiingereza kwamba amesema mwezi wa tano, Mei. Kisha, kwa kuogopa kuonekana naficha jambo, nikaongeza ambalo sikuulizwa: siku hizi husahau sana. Muuguzi akaandika. Bibi akanitazama, akamimina chai, akamwuliza mgeni kama anatia sukari.

Mlango ulipofungwa ndipo aliposema. "Wee mtoto, Mfungo Tano ndiyo Mei? Ni mwezi wa tano tangu tumalize Ramadhani. Hivyo ndivyo tulivyohesabu kwetu. Na Kiingereza nakisikia, usidhani!"

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nikuumbue mbele ya mgeni?"

Mwanangu, alikuwa tayari kuihatarisha nyumba yake kuliko kuniaibisha. Nikalia. Akanisimulia kwamba siku moja kule jumbani mgeni aliuliza mbona mke wa mfalme hatoki, naye, mpambe mdogo, akajibu anaumwa. Neno likavuma likikua, na kabla ya magharibi mji ulikuwa umeshaanza kumlilia kama aliyekufa. Bibi yake hakumkemea mbele ya watu. Walipobaki wawili akamwambia, "Nimekupa upepeo wangu unishikie. Ulimi wangu sikukupa."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikaketi kumwandikia muuguzi barua; nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Bibi akachoka. "Piga simu, mama. Unatunga utenzi?" Nikapiga. Nikasema nilikosea kutafsiri, na lile la kusahau nililitia mwenyewe kwa hofu.

Muuguzi akarudi wiki iliyofuata na mkalimani mwingine. Mimi nikakaa nyuma ya Bibi, mikono mapajani. Alikawia kujibu, na kila alipokawia nilijing'ata ulimi. Akaeleza Mfungo Tano ni nini. Akasema pia kwamba aliwahi kuteleza bafuni, jambo ambalo mimi ningelificha. Kumbe hilo ndilo lililomsaidia: wakaona anajijua. Wakamwacha nyumbani kwake, na mama mmoja huja asubuhi tatu kwa wiki kumsaidia kuoga.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimsindikiza mzee, mkono wako uwahi na ulimi wako uchelewe. Kukawia kwake si kusahau. Neno usilolijua mwulize yeye, hata kama mgeni anangoja; kuuliza si ujinga. Na ukikosea, usikae ukijisuta hadi kosa liote mizizi. Nenda karekebishe siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Yangu bado hutetemeka.

Mungu akupe subira ya kumngoja mtu amalize neno lake, na ukijaaliwa uzee, akupe nawe wa kukungoja.